Namba ya Fundi Saa

Kipimo hakuwa mwizi. Tulimalize hilo mapema, maana kila anayeisikia habari yake hukimbilia kumwita hivyo. Alikuwa msaidizi wa utafiti katika kituo cha kilimo, mtu wa miaka thelathini na minne, na wakulima walimbatiza jina hilo kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila futi kamba kiunoni. Alipima urefu wa mimea, upana wa matuta, uzito wa mavuno. Walimtania kwamba siku atakayooa atampima bibi harusi kwanza, aandike, ndipo amwambie karibu. Miaka tisa aliifanya kazi hiyo na hakuwahi kuongeza hata nukta kwenye daftari.

Mambo yalianza na mbegu mpya ya viazi. Ilisemekana inahimili ukungu, ule ugonjwa unaoanza na doa jeusi kwenye jani moja na kumaliza shamba kabla hujapata wa kumlaumu. Kwenye vitalu vya kituo ilifanya vizuri, lakini vitalu vya kituo ni kama mtoto wa mwalimu mkuu, anafaulu kwa sababu kila mtu anamwangalia. Mkuu wa utafiti, mama ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kumpa mtu hata kidonge, alitaka kuiona kwenye mashamba ya watu, pamoja na mbuzi wao, magugu yao na uvivu wao. Wakulima ishirini wakakubali. Kumi wangepanda mbegu mpya na kumi ya zamani, kisha mavuno yalinganishwe. Kwa kuwa ukungu hauheshimu mpaka, kila mmoja angepewa mbegu ya aina moja tu kwenye robo eka yake ya utafiti.

Na kulikuwa na sharti moja gumu: kwenye robo eka hiyo, hapana kunyunyiza dawa ya ukungu. "Ukinyunyiza umepima dawa, hujapima mbegu," Daktari aliwaambia. Atakayepata hasara angepewa mbegu za msimu unaofuata. Wote waliweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Nani apate ipi, hilo liliachiwa kura. "Mimi sichagui, na ninyi hamchagui," alisema Daktari. Katika stoo ya kituo, penye harufu ya magunia na mafuta ya trekta, iliwekwa ndoo yenye karatasi ishirini zilizokunjwa. Mkulima anachota, hafungui, anaiweka mezani kwa Kipimo. Kipimo anafungua, anaisoma namba kwa sauti na kuiandika. Namba isiyogawanyika kwa mbili ni mbegu mpya. Inayogawanyika ni ya zamani.

Shangazi yake Kipimo alikuwa wa tisa kwenye foleni. Huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, akamsomesha kwa jembe na kumnyoosha kwa mwiko. Mwaka uliotangulia ukungu ulimfagilia shamba lote. Kipimo alimkuta amesimama katikati ya majani meusi, kimya, na kwa mwanamke anayeongea hata usingizini, kimya kile kilimtisha kuliko kilio.

Nyuma ya shangazi alisimama Fundi Saa. Shamba lake na la shangazi lilitenganishwa na mtaro tu. Alikuwa ametengeneza saa za watu miaka thelathini kwenye kibanda chenye kioo, mpaka simu zilipoziua saa, ndipo akarudia udongo. Kwenye udongo alikuja na tabia zake zote za kibandani. Alipanda kwa rula. Magugu ya shamba lake, watu walisema, yaliota kwa miadi.

Shangazi akaweka karatasi yake mezani. Fundi Saa, asiyependa kuchelewesha foleni, akaweka yake pembeni. Dakika hiyohiyo dereva akamwita Daktari nje. Kipimo akazifungua zote mbili. Ya shangazi iliandikwa kumi na nne. Ya Fundi Saa, saba.

Hakufikiri. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama alifikiri, akakuta hakuna kitu. Aliyaona tu yale majani meusi, na mdomo wake ukasema wenyewe: "Shangazi, saba. Fundi Saa, kumi na nne." Akaandika. Karatasi zote mbili zikaingia mfukoni.

"Haya, mkono wangu ndio umechagua," alisema Fundi Saa, akainua kofia yake kidogo, kama mtu aliyeshindwa bao na mwenzake wa haki. "Haina neno."

Shangazi alipiga kigelegele kimoja kilichowaamsha njiwa wa paani.

Siku za mwanzo Kipimo alijiambia damu ni nzito kuliko maji. Alijiambia pia kwamba mbegu mpya huenda isifanye lolote, na kwamba Fundi Saa ni mkulima hodari, hata mawe angeyaotesha. Mtu mwenye kosa hakosi wakili, maana wakili mwenyewe ndiye yeye. Zile karatasi alizichoma kwenye jiko la chai, na chai hiyo hakuinywa.

Kisha mvua ikakataa kukatika.

Wiki ya saba baada ya kupanda, Kipimo alifika kwa Fundi Saa kupima urefu wa mimea. Alimkuta mwenye shamba amechuchumaa kwenye tuta la tatu, ameshika jani kwa vidole viwili kama alivyokuwa akishika vigurudumu vya saa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Njoo uone hapa."

Lilikuwa doa moja, jeusi, lenye pindo jeupe chini ya jani. Kipimo alilitambua kabla hajainama.

Mke wa Fundi Saa alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba na pampu mgongoni. Alikwishachanganya dawa, na matone yalikuwa yanadondoka kwenye ncha ya mpira.

"Mwambie aturuhusu," alimwambia mumewe, ilhali Kipimo yupo palepale. "Mashina matatu tu ndiyo yameshika. Nikipita sasa hivi nayawahi."

"Ngoja kwanza, mke wangu. Tumeweka sahihi." Fundi Saa akamgeukia Kipimo. "Wewe ndiye mwenye kazi. Sema. Tunyunyize, tusinyunyize?"

Hapo mlango ulikuwa wazi, na Kipimo aliuona. Angesema tu: nyunyizeni, hii siyo mbegu yenu, nyie hamkutakiwa kuwa hapa. Maneno yalimfika kooni. Lakini nyuma ya maneno hayo kulikuwa na maswali, na nyuma ya maswali kulikuwa na Daktari, daftari na shangazi. Akameza.

"Sharti ni sharti, Fundi," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

"Umesikia," Fundi Saa alimwambia mkewe kwa upole. "Tukinyunyiza tumewadanganya wenzetu kumi na tisa."

Mama yule alisogea hadi njiani. Alivua pampu, akaiinamisha, na dawa yote ikamwagika kwenye nyasi za njiani. Kisha akasema, polepole, kila neno likiwa limenolewa: "Wenzetu mikono yao ina heri. Mkono wa mume wangu umeshika saa za watu miaka thelathini, siku moja tu nimeuhitaji, umenichotea kumi na nne."

Ukungu ulichukua siku sita. Uliingia robo eka ya utafiti, ukavuka, ukayakuta matuta mengine ya viazi vya familia. Yale waliyanyunyizia, lakini ilikuwa kufukuza ng'ombe na zizi limeshabaki tupu. Kipimo aliendelea kuja kila wiki kama kazi ilivyomtaka. Fundi Saa alikuwa amechora jedwali lake mwenyewe, kwa kalamu ya wino, na kila asubuhi alipita kuhesabu majani mazima. Kumi. Manne. Hakuna.

"Andika sifuri," alimwambia Kipimo. "Sifuri nayo ni namba. Usiionee haya."

Nyumbani kwao kulipoa. Kipimo aliona kwa macho yake: mama alileta maji ya kunywa, akampa mgeni bilauri mkononi, ya mumewe akaitua chini na kuondoka. Ndoa ya miaka ishirini na nane, na sasa walizungumza kupitia vyombo. Fundi Saa alicheka kidogo, kicheko cha kufunika.

"Ana haki," alisema. "Siku ile aliniambia, niache mimi nichote. Nikamkatalia, nikamwambia mwenye shamba ni mimi." Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza. "Mtu unaishi na mkono wako miaka hamsini na tisa, hujui kama una nuksi."

Kipimo aliinamia mizani yake isiyokuwa na kazi siku hiyo. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, ikajitia hamnazo.

Mavuno yalipokuja, shamba la shangazi lilitoa magunia kumi na tisa. Viazi vikubwa, vyeupe, ngozi laini, vingine ilibidi kuvishika kwa mikono miwili. Ng'ambo ya mtaro Fundi Saa alivuna gunia moja na nusu, na katika hilo vingi vilikuwa vidogo kama gololi, vya kuwapa kuku. Kipimo alipima vyote, akaandika, na tarakimu tisa ikatoka kama jani lililojikunja.

Shangazi alijaa kijiji kizima. Aliuonyesha mkono wake wa kulia kwa kila aliyepita. "Huu! Mnauona? Huu msiuchezee!" Lakini moyo wake haukuwa wa choyo. Kila Jumamosi alijaza kikapu viazi na kuvuka mtaro kumpelekea jirani. Na kila Jumamosi Fundi Saa alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na mkewe akavipika.

Kipimo alikonda. Mezani kwa shangazi aliletewa sahani ya viazi, akavisukuma huku na huku kama anavitafutia pa kulala.

"Una nini wewe mtoto?" shangazi alimuuliza. "Umefanana na mche wa kivulini."

"Tumbo, shangazi."

"Tumbo miezi miwili? Hiyo mimba."

Kilichomvunja ni mambo ya Alhamisi. Siku hiyo wakulima wote ishirini wangekusanyika kituoni kusomewa matokeo. Siku mbili kabla, Fundi Saa alimsubiri Kipimo njiani.

"Kuna maneno yanapita," alisema. "Eti mwenye daftari ni mpwa wa mwenye magunia. Eti kura ilikuwa na mkono wa mtu."

Kipimo akaanza kuikunja upya futi kamba yake.

"Usihangaike," Fundi Saa akamshika bega. "Alhamisi nitasimama mimi niliyepata hasara. Nitawaambia nilichota mwenyewe, namba ikasomwa mbele ya macho yangu, na huyu kijana hajawahi kunipunjia hata sentimita. Mimi nikisema, nani atabisha? Nenda ukalale."

Hakulala. Alikuwa amejiambia muda wote kwamba kura ndiyo faraja ya Fundi Saa, kwamba kumwondolea imani hiyo ni kumwibia mara ya pili. Ulikuwa uongo mtamu, wenye sura ya huruma. Sasa mtu yule alitaka kusimama mbele za watu na kuiweka heshima yake yote, ile ya miaka thelathini ya kurudisha saa za watu zikiwa nzima, juu ya tarakimu mbili zilizogeuzwa.

Jumatano asubuhi alimkuta shangazi uani, akichagua viazi vya mbegu. Vikubwa kushoto, vya wastani kulia. Kikapu cha jirani kilikuwa kando, kimejaa tayari.

"Shangazi, saba haikuwa yako."

"Saba gani?"

"Ya kura. Wewe ulichota kumi na nne. Saba ilikuwa ya Fundi. Mimi nilizibadilisha."

Shangazi aliendelea kuchagua. Kiazi kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja kushoto. Halafu mikono ikasimama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliona mwaka ule..."

"Nimekuuliza nani alikutuma!" Alisimama, magoti yakalia. "Mimi nilikuomba? Siku gani nilikaa nawe nikakwambia mwanangu, ukikua ukaniibie? Nilikulea kwa jembe langu hili, sikuwahi kuvuka mtaro wa mtu hata kuokota kuni, leo unanifanya mwizi na mimi sijui!" Akatafuta kitu cha kumpigia, mkono ukaangukia kiazi, akakiinua, kisha akakitazama na kukirudisha taratibu kwenye rundo.

Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Kila Jumamosi," alisema. "Kila Jumamosi nimempelekea yule mzee viazi vyake mwenyewe, na akaniambia asante."

Akakaa chini ya ukuta, akajifunika uso kwa khanga. Kipimo hakuwahi kumwona akilia, hata mwaka ule wa majani meusi. Alipiga hatua kumwendea, lakini khanga ikasema: "Usiniguse. Nenda kwake. Sasa hivi, siyo kesho mbele ya watu. Kesho utawaambia watu, leo mwambie yeye."

Kuvuka mtaro ni hatua mbili. Kipimo hajui alizipiga kwa muda gani. Fundi Saa alikuwa barazani, amevaa miwani yake ya kazi, anafungua saa ya ukutani ambayo hakuna aliyemwomba aitengeneze. Mkewe alikuwa akisikika ndani akifua.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Kipimo hakuja kutafuta pole. Alisema yote akiwa amesimama, bila kuzungushazungusha: ndoo, karatasi mbili, tarakimu, jiko la chai. Fundi Saa alimsikiliza na bisibisi mkononi. Alipomaliza, mzee alivua miwani.

"Namba yangu ilikuwa ngapi?"

"Saba, Fundi."

"Saba." Alilitamka kama jina la mtu aliyedhaniwa amekufa. Kisha akaita kuelekea ndani: "Mke wangu! Njoo."

Mama alitoka, mikono ina povu.

"Mwambie na yeye," alisema Fundi Saa. "Sema yote, kama ulivyonieleza mimi."

Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana mama yule hakumwangalia yeye. Tangu neno saba lilipotajwa, alikuwa anamwangalia mumewe, na povu lilikuwa linamtiririka hadi kwenye viwiko.

Kipimo alisubiri kutukanwa. Angeyapokea matusi kama chakula.

"Nitamweleza Daktari leo hii," alisema. "Na kesho nitasimama mbele ya wote. Kazi wataninyang'anya, ni haki yao. Shangazi atakuletea..."

"Nikuulize jambo moja," Fundi Saa alimkatiza. Hakupandisha sauti. "Siku ile ya jani. Mke wangu ana pampu mgongoni. Nikakuuliza, tunyunyize, tusinyunyize. Siku ile ulikuwa unajua?"

Kipimo aliangalia chini. Angeweza kusema lolote, na shahidi hakuwepo.

"Nilijua."

Fundi Saa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyefungua saa na kukuta mahali ilipovunjika.

"Ile ya kura ningeweza kuimeza," alisema. "Kaona shangazi yake, mdomo umeteleza, ni binadamu. Lakini siku ya jani uliangalia shamba langu, ukamwangalia mke wangu, ukanihubiria sharti. Na mimi nikakusaidia kuhubiri." Akaivaa miwani yake, akaivua tena. "Sitasimama kesho. Utasimama peke yako. Sasa nenda, nina maneno na mke wangu."

Kipimo alitaka kusema samahani. Neno lilikuwa dogo mno, akaona aibu kulitoa. Akainama kidogo kuaga, akashuka ngazi za baraza na kukata kupitia kwenye matuta matupu, kwenda kituoni kwa Daktari.

Hakuwa amefika hata katikati ya shamba aliposikia sauti ya yule mama nyuma yake. Ilikuwa inakatikakatika. Alikuwa anamwomba mumewe msamaha.